Kiboko Mbele ya Mahakama

Msafiri anayetoka Voi kwenda Taveta, akishapita Maktau na kilima cha Salaita walikopigana Waingereza na Wajerumani mwaka 1916, huingia katika nchi ya mkonge. Juu ya kilima kimoja huko pameketi jumba kubwa lisilofanana na nyumba nyingine yoyote ya wilaya hiyo. Watu huliita Kasri la Grogan. Ukisimama juu unaliona Ziwa Jipe na milima ya Upare, na mawingu yakikuonea huruma, unauona pia Mlima Kilimanjaro. Aliyelijenga miaka ya 1930 ni Ewart Scott Grogan, Mwingereza mwenye mashamba makubwa ya mkonge Taveta, aliyejaliwa umri wa kuiona Kenya ikipata uhuru. Alifariki mwaka 1967.

Jina lake limesambaa kuliko wengi wanavyojua. Mafundi wa magari wa Kirinyaga Road, Nairobi, hadi leo hupaita mahali pao Grogan, kwa kuwa barabara hiyo ilikuwa Grogan Road. Hospitali ya watoto ya Gertrude's, Muthaiga, ina jina la mkewe. Waingereza humkumbuka kwa safari yake kutoka Cape hadi Cairo, aliyoimaliza mwaka 1900, na ambayo inasemekana aliifunga ili kumwonyesha baba wa kambo wa Gertrude kwamba yeye ni mwanamume wa kuozwa binti. Yote hayo ni sifa. Kisa kilichomfanya ajadiliwe katika Bunge la Uingereza mwaka 1907 hakikuwa na sifa yoyote, ingawa mwenyewe aliamini kinayo.

Ilianza na riksho. Jioni moja ya Machi mwaka huo, dada yake Grogan na mwanamke mwenzake walikuwa wakivutwa na vijana watatu wa Kikuyu. Wanawake hao walisema kwamba wavutaji waliirusharusha riksho na kuwajibu kwa ufidhuli. Hakuna aliyedai kwamba walipigwa wala kuguswa. Katika mji ule, ambao miaka minane kabla yake ulikuwa kituo cha mahema cha reli, malalamiko ya aina hiyo yalikuwa ya kila siku, na dawa yake ya kila siku ilijulikana: mwajiri alichukua kiboko akampiga mtumishi uani kwake, na serikali ikajifanya haikusikia kitu.

Grogan hakupigia uani kwake. Asubuhi ya Machi 14, 1907, aliwafikisha wale vijana watatu, wamefungwa, mbele ya jengo la mahakama ya Nairobi. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza chama cha walowezi wakati huo, na habari zilikuwa zimetangulia, kwa hiyo umati wa Wazungu ukawa tayari umekusanyika. Hakimu na polisi waliofika walijaribu kuwazuia, wasisikilizwe. Vijana wakalazwa chini wakachapwa kwa kiboko, yule mjeledi wa ngozi ya kiboko ambao mapigo yake huchana nyama, kila mmoja viboko ishirini na tano au karibu na hapo. Wengine katika umati walishika mjeledi kwa zamu yao.

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Ikiwa shida ilikuwa adabu ya wavuta riksho, uani palitosha. Grogan mwenyewe hakuficha kwamba alikwenda mahakamani kusudi: alitaka ionekane. Watu watatu waliokuwa chini hawakuwa hata walengwa wakuu wa adhabu hiyo. Mwafrika aliyepita njiani na mzigo wake alipaswa kuona. Afisa wa serikali, ambaye walowezi walimwona kuwa mlegevu, alipaswa kuona zaidi, tena kutoka dirishani mwa ofisi yake mwenyewe. Na mlowezi mwenzake, aliyekuja na farasi wake kutoka shambani, alipaswa kurudi nyumbani akijua kwamba katika nchi hii sheria iko mkononi mwa watu wa rangi yake, hata mahakama ikisema vingine. Aibu ilikuwa chombo cha siasa, na miili mitatu ilikuwa ubao wa matangazo.

Serikali haikuweza kulinyamazia. Grogan na wenzake wachache walishtakiwa, lakini shtaka lililochaguliwa lina mengi ya kusema: kukusanyika kinyume cha sheria. Kilichoiudhi dola kilikuwa ule umati uliothubutu kuidharau mlangoni pake, kuliko ile migongo iliyochanika. Grogan alipewa kifungo cha mwezi mmoja na faini ya rupia 500. Wenzake walipata vifungo vifupi zaidi. London, Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika Wizara ya Makoloni, alilazimika kujibu maswali ya wabunge kuhusu jambo hilo, na barua za serikali juu ya kisa hicho zikachapishwa.

Kisha ikaja sehemu ambayo mwandishi wa tamthilia angeogopa kuibuni, maana angeambiwa amezidisha chumvi. Gereza la Nairobi lilionekana halifai kwa Wazungu. Kwa hiyo wafungwa hao walitumikia kifungo chao katika nyumba kilimani, mbali na macho, wakitembelewa na marafiki. Mtu aliyesisitiza kwamba adhabu isipoonekana si adhabu, yeye alipewa faragha. Hakupita barabarani na mnyororo shingoni. Hakuna mtoto wa Nairobi aliyemwona akifagia. Alipotoka alirudi kwenye biashara zake na siasa zake, akaja kuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria, akajenga hoteli, na mwishowe akapanda mkonge Taveta na kuweka jumba juu ya kilima.

Nchi aliyokuja kujenga kasri hilo ilikuwa na desturi zake za kushughulika na wakosaji kabla ya jina la Grogan kufika. Wataveta, waliokaa katika msitu wao kando ya Mto Lumi na kuilisha misafara ya biashara iliyokuwa ikienda bara, walitawaliwa na baraza la wazee liitwalo njama, pamoja na marika ya vijana. Kesi zilisikilizwa mbele za watu na mkosaji akatozwa faini. Upande wa milima, kwa Wadawida, Wasaghala na Wakasigau, ambao kwa pamoja huitwa Wataita, kulikuwa na ibada iliyoitwa kutasa. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiandikia kitabu kizima, Casting Out Anger, kilichotoka mwaka 1978.

Kiini cha kutasa kinahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu kinapindua mambo tuliyoyazoea. Wataita waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni, hasa ya ndugu au mzazi aliyekosewa, inaweza kuleta ugonjwa na mikosi juu ya mkosaji hata mwenye hasira mwenyewe asipokusudia. Mtu akiugua, mganga wa kupiga bao aliulizwa: ni moyo wa nani ulio na kinyongo? Yule aliyetajwa aliitwa, na hakuwa mshtakiwa tu. Alikuwa ndiye mwenye tiba. Alichukua funda la pombe au maji, akalipuliza nje kama manyunyu huku akitamka maneno ya amani, kwamba kilichokuwa moyoni kimetoka na aliyemkosea awe mzima. Majirani na jamaa walikuwapo. Macho yalikuwapo. Ila kilichoanikwa mbele ya macho hayo kilikuwa ni kusamehe, na kosa lilitajwa ili lipate pa kutokea.

Isije ikadhaniwa kwamba mababu walikuwa malaika. Wakamba, majirani wa Taita upande wa kaskazini, walikuwa na kingole, ambapo mwizi sugu au mtu aliyesadikiwa kuwa mchawi aliuawa na jamii nzima kwa pamoja, baada ya jamaa yake wa karibu kuridhia. Pwani, wafungwa na watumwa walibanwa miguu kwenye mkatale. Wazee walijua sana uzito wa kumdhalilisha mtu mbele ya kadamnasi, na kwa kuwa waliujua, waliuwekea mipaka: ridhaa ya ndugu, kikao cha wazee, malipo yenye kikomo. Ukishalipa mbuzi, umelipa.

Ng'ambo ya mpaka, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu kutoka Taveta, Wajerumani walikuwa na mtaala wao. Machi 2, 1900, huko Old Moshi, walimnyonga hadharani Mangi Meli wa Wachaga pamoja na viongozi wengine wa Kilimanjaro, wakituhumiwa kupanga uasi. Watu walikusanywa watazame. Baada ya hapo, kichwa cha Meli kinasimuliwa kuwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, na hadi karne hii wazao wake wamekuwa wakikidai. Adhabu ile ilikusudiwa kuufanya ukoo wake uinamishe kichwa. Miaka mia moja na ushee baadaye, Meli ni shujaa anayekumbukwa kila Machi, na wanaotafuta maneno ya kujieleza ni wakuu wa makumbusho ya Berlin.

Watazamaji hawatabiriki, na jambo hilo si la Kilimanjaro peke yake. Mwaka 1703, mwandishi Daniel Defoe alisimamishwa kwa siku tatu kwenye mbao za aibu jijini London kwa kosa la kuandika kijitabu kilichowakera wakubwa. Serikali ilitarajia mayai mabovu na matope. Inasimuliwa kwamba umati ulimrushia maua na kunywa kwa afya yake. Uingereza iliendelea na mbao hizo hadi 1837, na kunyonga hadharani hadi 1868. Kwa maneno mengine, maafisa waliokuja Afrika Mashariki kutufundisha ustaarabu walitoka katika nchi ambayo babu zao walikuwa wakipeleka watoto kutazama mtu akining'inia.

Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani kiboko kilikuwa sehemu ya ofisi kama ulivyokuwa wino. Idadi ya kawaida ilijulikana kwa Kiswahili cha kaunta: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Kwa takwimu za serikali yenyewe, katika mwaka wa 1911 hadi 1912 karibu Waafrika 6,000 walihukumiwa kuchapwa, na hesabu hiyo haiwagusi waliochapwa mashambani. Wafungwa wa mnyororo, wameunganishwa shingo kwa shingo, walipitishwa mjini wakibeba maji na mawe. Agosti 1914 vita vilipozuka, Wajerumani waliuvuka mpaka wakaiteka Taveta, wakaishikilia hadi Machi 1916. Kwa mwaka mmoja na nusu na zaidi, Mtaveta aliyekuwa ameizoea adhabu ya Mwingereza alipata nafasi ya kulinganisha.

Lakini aibu nzito kuliko zote katika eneo la Taita Taveta wakati wa vita hivyo haikutoka kwa Wajerumani. Iliwaangukia Wakasigau, watu wachache wanaokaa chini ya Mlima Kasigau, kusini mwa Voi, katika vijiji kama Rukanga, Jora, Makwasinyi na Bungule. Mwaka 1915 Wajerumani walivamia kituo cha Waingereza hapo na kuua askari. Waingereza wakakata shauri kwamba wenyeji ndio waliomwonyesha adui njia. Hakuna aliyeulizwa mmoja mmoja, na hakuna aliyepelekwa mbele ya hakimu. Vijiji vilichomwa moto na kabila zima likaondolewa mlimani, wazee, wajawazito na watoto, wakapelekwa Malindi. Watu wa milimani, wasiozoea malaria ya pwani, walikufa wengi. Walionusurika hawakuruhusiwa kurudi kwao hadi miaka ya 1930.

Kosa likiwa la mmoja, au halipo kabisa, na adhabu ikawa ya ukoo mzima, aibu haina tena mtu wa kumkaa. Inakaa kwenye jina. Kwa miaka ishirini, kujitambulisha kuwa Mkasigau kulikuwa ni kujibu shtaka. Wakasigau walirudi, wakajenga upya kwenye yale yale magofu, na simulizi la Malindi wakawapa watoto wao kama urithi. Katika Taita Taveta ya leo jina hilo halimtii mtu doa. Kilichosahaulika ni jina la afisa aliyetia sahihi.

Amani iliporudi ikaja na kipande. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha: kila mwanamume wa Kiafrika kuanzia miaka 16 alilazimika kubeba hati yake ndani ya kikasha cha chuma, na wengi walikining'iniza shingoni. Kutoka Voi kwenda Mombasa kutafuta kibarua bila kikasha hicho lilikuwa kosa la jinai. Ni aina ya adhabu ya aibu isiyongoja kosa. Mtu alivishwa kwanza, sababu ikaja baadaye.

Na kiboko kikaendelea kuua. Mwaka 1923 huko Molo, mlowezi aitwaye Jasper Abraham alimchapa kijana mfanyakazi wake, Kitosh, kwa kumpanda farasi jike aliyeambiwa amwongoze kwa mguu. Kijana alifungwa usiku kucha, akafa. Mahakamani walitokea madaktari wakasema kwamba huenda alikufa kwa kutaka mwenyewe kufa, na baraza la Wazungu likampata Abraham na hatia ya kujeruhi tu. Akafungwa miaka miwili. Karen Blixen alikisimulia kisa hicho katika Out of Africa, mwaka 1937. Wako waliosoma ushahidi ule wakasema madaktari walidanganya. Inawezekana. Inawezekana pia kwamba, bila kujua, walikuwa wamesogelea jambo la kweli kuhusu kinachovunjika ndani ya mtu anapochapwa kama mnyama mbele ya wenzake, halafu wakaligeuza kuwa utetezi wa mchapaji.

Kilomita kadhaa kutoka Voi, kando ya reli na barabara kuu ya Mombasa, kuna mahali paitwapo Manyani. Siku hizi pana gereza kubwa na chuo cha askari wa wanyamapori. Aprili 24, 1954, jeshi la Uingereza, likipambana na uasi wa Mau Mau, liliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na watu zaidi ya 20,000, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakakamatwa. Njia ya kuwachuja ilikuwa ya kutisha kwa urahisi wake. Mtu aliyefunikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, aliketi huku foleni ikipita mbele yake. Akitikisa kichwa, maisha yako yamebadilika. Wakikuyu waliwaita hao gakunia, kagunia kadogo. Mshtaki alistiriwa uso na mshtakiwa akaanikwa.

Wengi waliishia Manyani. Walishushwa kwenye treni katika joto la nyika, wakavuliwa nguo zote, wakapitishwa kwenye josho la dawa kama ng'ombe, watu wazima mbele ya vijana ambao kwa mila hawakupaswa kuuona utupu wao. Kisha wakagawiwa rangi: weupe wa kurudishwa nyumbani, wa kijivu wa kutazamwa, weusi wasiokubali. Njia ya kutoka weusi kwenda weupe ilikuwa kukiri kiapo cha Mau Mau mbele ya wengine na kuwataja wenzako. Katika kambi kadhaa maungamo hayo yalirushwa kwa vipaza sauti. J. M. Kariuki, aliyekuja kuwa mbunge na kuuawa mwaka 1975, alipita Manyani, na mwaka 1963 alichapisha kumbukumbu zake za kizuizini.

Wakuu wa kambi walikuwa na nadharia: kukiri hadharani kunamtakasa mtu. Kwa mbali inafanana na kutasa, iliyokuwa ikifanyika wakati huohuo milimani, mwendo wa siku moja kutoka kwenye senyenge za Manyani. Tofauti ni kwamba Mtaita aliyepuliza maji alibaki na jirani zake baada ya hapo, wala hakuwa na bunduki mgongoni. Aliyekiri Manyani alirudi bwenini kulala kati ya watu aliowataja. Kambi ilimpa aibu mpya ili kumwondolea ile aliyodaiwa kuwa nayo, na huko nyumbani ikamngoja ya tatu, ya kuitwa msaliti. Vijiji vya Mkoa wa Kati viliishi na mafundo hayo miongo mingi baada ya bendera kupandishwa.

Juni 6, 2013, William Hague, waziri wa mambo ya nje, alisimama katika Bunge la Uingereza akasema serikali yake inajutia mateso yaliyotendwa, na kutangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wazee walioishi kuisikia siku hiyo walikuwa na umri wa miaka themanini na tisini.

Kenya huru haikukitupa kiboko mara moja, na hilo lisemwe bila kumung'unya. Kuchapwa kulibaki katika kanuni za adhabu kwa makosa kadhaa, ukiwamo wizi wa mabavu, ingawa kulifanyika ndani ya gereza, daktari akiwapo. Bunge lilikifuta mwaka 2003. Kabla ya hapo, mwaka 1998, ilipitishwa sheria ya huduma kwa jamii, inayomwezesha hakimu kumtuma mwenye kosa dogo akapande miti au kusafisha zahanati badala ya kumsukuma katika gereza lililofurika. Mshonaji wa Voi akifagia kituo cha matatu kwa amri ya mahakama anaonwa na wateja wake, naam. Lakini jioni anarudi kwake, na siku zake zikitimia, zimetimia. Katiba ya 2010 ikamalizia kwa kumhakikishia kila mtu heshima ya utu wake, na kumkinga na adhabu ya kinyama au ya kumshushia hadhi.

Karatasi ni moja, njia ya kwenda kwa chifu ni nyingine. Ni picha inayojulikana nchini kote, na Taita Taveta haikosi: mama aliyekutwa na pombe ya mbangara au chang'aa anabebeshwa mtungi wake kichwani na kutembezwa hadi kituoni, watoto wakifuata kwa vigelegele. Hakuna kifungu kinachosema atembezwe. Huenda hakimu akamwachilia kesho kwa kukosekana ushahidi, ila adhabu imeshatolewa jana, sokoni, na binti yake anayesoma darasa la saba ameshaisikia shuleni. Adhabu ya aibu ina tabia hiyo: hutangulia hukumu, na haina rufaa.

Tena hudhani ina haki. Novemba 2014 mwanamke mmoja alivuliwa nguo na genge la wanaume kwenye kituo cha magari Nairobi, wakidai amevaa visivyo. Walijiona mahakimu wa maadili. Mamia ya wanawake waliandamana chini ya kaulimbiu ya nguo yangu, hiari yangu, na kabla mwaka haujaisha Bunge likaongeza katika kanuni za adhabu kosa mahususi la kumvua mtu nguo kwa nguvu.

Wapo wasomi wanaotetea aibu, na hoja yao si ya kupuuzwa. John Braithwaite, mtaalamu wa jinai wa Australia, katika kitabu chake cha 1989 alitenganisha aibu inayomtia mtu alama ya kudumu na aibu inayomwambia amekosa kisha ikamfungulia mlango wa kurudi. Ya kwanza, alisema, humsukuma kwa wakosaji wenzake, maana ndio pekee watakaompokea. Ya pili hupunguza uhalifu. Mzee wa Wundanyi, milimani Taita, angemwambia kwamba habari hiyo ilishafika. Marekani nako wamejaribu: jijini San Francisco hakimu alimwamuru mwizi wa barua asimame nje ya ofisi ya posta kwa saa 8, amejitundika bango la kukiri kosa lake. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa iliiunga mkono amri hiyo kwa kura mbili dhidi ya moja. Yule jaji wa tatu aliandika kwamba amri ile haikuwa na lengo jingine ila kudhalilisha. Mwandishi wa makala haya yuko upande wa jaji wa tatu, hasa akikumbuka ni nani ambao kwa kawaida huishia kubeba bango.

Simu ya mkononi imefanya lile jengo la mahakama la 1907 liwe kila mahali. Machi 2023, baada ya maandamano ya upinzani, idara ya upelelezi ya Kenya ilisambaza mitandaoni picha za watu iliowaita washukiwa wa vurugu. Wananchi walichunguza wakagundua kwamba baadhi ya picha zilikuwa za zamani au za mahali pengine. Idara ikaziondoa na kuomba radhi. Katiba hiyohiyo inasema mtu hana hatia hadi ithibitishwe, lakini picha ikishasambaa kwenye makundi ya WhatsApp ya kanisa, ya chama na ya familia, hakuna karani anayeweza kuifuta.

Agosti 2020, Jaji Mkuu David Maraga alizindua sera ya kuwapa wazee nafasi rasmi ya kusuluhisha kesi, akitegemea ibara ya 159 ya Katiba. Ibara hiyo inakubali mila, kwa sharti kwamba zisivunje haki za msingi. Kwa mzee wa Mboghoni au wa Wundanyi maana yake ni nyepesi kueleza, ngumu kusimamia. Anaweza kumtoza mwizi mbuzi. Anaweza kumtaka aombe radhi mbele ya aliowakosea na ya jamaa zao, na kumtaka aliyekosewa aseme kama moyo wake umetulia. Hawezi kumtembeza sokoni na kuku aliyeibwa shingoni. Na kijana akitoa simu kurekodi kikao, mzee ndiye wa kumwambia airudishe mfukoni, maana mbuzi akishaliwa video itabaki.